Kisanduku Kilichofukiwa Chumvini

Kila siku baada ya alasiri, Wening alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya marehemu babu yake. Hakuifuata kwa ajili ya michezo. Aliifuata kwa ajili ya Bibi. Bibi Suminah alikuwa haoni vizuri tena, ila masikio yake yalikuwa mazima kabisa, na saa kama hizo alitaka kumsikia mumewe.

Babu Karsono alikuwa mwalimu, na pia mwimbaji wa tembang, yale mashairi ya kale ya Kijava. Mtaani kwetu hakukuwa na harusi iliyonoga bila yeye. Alipostaafu alinunua kompyuta, akajifunza kurekodi, akaimba karibu kila shairi alilolijua. Kisha akafariki. Wening na mama yake, Endah, wakahamia pale nyumbani ili Bibi asibaki peke yake. Sasa Bibi aliketi kwenye kiti chake cha mwanzi, Wening akabofya, na sauti ya Babu ikajaa sebuleni.

Nyimbo zikiisha, Wening alipasha moto tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, akafanya kazi za shule, kisha akafunga madirisha. Kwetu Wonosobo, katikati ya kisiwa cha Java, ukungu haubishi hodi. Unashuka kutoka milimani, unaingia hadi jikoni, na usipofunga mapema utalala na shuka mbichi. Mama yake wakati huo alikuwa kwenye kibanda chake cha tambi karibu na soko, na hakurudi mpaka isha ipite.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja ya ajabu: kompyuta haizimwi. "Iacheni ilale tu," Babu alikuwa akisema, na hata baada ya yeye kuondoka iliachwa ilale, skrini nyeusi, taa ndogo ikipepesa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku za Alhamisi Wening huwa madrasani hadi giza liingie. Alhamisi moja ustadhi aliugua, Wening akabaki nyumbani. Ulikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa ya Kliwon. Kalenda ya Kijava ina siku tano, Kliwon ikiwa mojawapo, zinazozunguka sambamba na zile saba za kila mtu, na Ijumaa inapokutana na Kliwon, kila baada ya siku thelathini na tano, watoto wetu huitwa ndani mapema na hata wakubwa hupunguza sauti. Bibi alikuwa ameshaweka kikombe cha kahawa chungu mbele ya picha ya Babu, kama afanyavyo kila mtu mwenye marehemu wake. Nje, nyumba ya jirani ilikuwa imemezwa na ukungu. Adhana ya magharibi ilisikika kama inatoka chini ya maji.

Wening alikuwa akikunja nguo. Skrini ikawaka yenyewe.

Hakuna aliyeigusa. Mwanga wake ulimpiga Babu usoni pale kwenye picha. Kisha ndani ya kabati, mle walimohifadhi kilemba chake na miwani yake, kitu kikaanza kuvuma, sauti nyembamba isiyokatika. Kwenye ufa wa mlango wa kabati mwanga wa buluu ulikuwa ukiwaka na kuzimika. Kwenye skrini, mstari wa kijani ulikuwa ukitambaa polepole kuelekea kulia.

Wening alitaka kukimbia, lakini hakukimbia. Alisimama vile vile, kanga ya Bibi mikononi, akiutazama mstari ule hadi ukafika mwisho. Uvumaji ukakoma. Mtu akakohoa.

"Haya," ilisema sauti ya Babu, taratibu, "tayari."

Skrini ikazimika.

"Ahsante, mzee," Bibi alisema gizani, kama mtu aliyepokea chumvi mezani.

"Bibi," Wening alinong'ona, "nani huyo?"

"Nani tena? Babu yako, anamaliza kazi yake." Bibi akacheka kidogo. "Mke mwenzangu, leo unamwogopa mume wetu? Hebu washa taa, unipe kanga yangu kabla hujaichana."

Wening aliwasha taa zote, hata ya chooni. Mama yake aliporudi, alitamani kumweleza, lakini Mama alikuwa amechoka, miguu imevimba, akaona aibu kusema amemsikia marehemu. Usiku huo alilala amejifunika hadi utosini.

Kesho yake alimweleza Puspa, rafiki yake wa darasani. Puspa ni mtoto ambaye hakuna jambo asilolijua, au angalau ndivyo anavyoamini mwenyewe.

"Ulifungua kabati?" Puspa aliuliza.

"Asubuhi. Kuna kisanduku cheusi, kidogo, kinaenea kiganjani. Kimeunganishwa kwa waya na kompyuta, unapita nyuma."

"Basi yumo humo."

"Nani?"

"Unajifanya hujui? Kitu cha marehemu kikijiwasha chenyewe usiku wa Kliwon, kuna mtu ndani. Babu yako alikuwa akipenda sana ile mashine, ameshindwa kuiacha. Atakuwa anazidi kupata nguvu kila Kliwon. Jana kasema 'tayari'. Mara ijayo atakuita jina."

"Acha bwana."

"Haya, kaa hivyo hivyo. Mimi nakwambia kwa sababu nakupenda. Kitoe, kifunge kwa kitambaa cheupe, kifukie kwenye chumvi ya mawe. Chumvi hawaivuki. Na usimwambie mtu, ukisema dawa imeharibika."

Ninamjua Puspa, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Hata hivyo ushauri unaoishia na "usimwambie mtu" ungefaa kumshtua Wening kuliko kile kisanduku chenyewe.

Alasiri ile ile, Bibi akiwa ameinama kwenye sala, Wening alichomoa waya. Kisanduku kilikuwa cha baridi na chepesi. Alikifunga kwa kipande cha sanda nyeupe kilichobaki kabatini, akachukua bati kuukuu la biskuti ambalo, kama mabati yote ya biskuti nchini kwetu, ndani yake kulikuwa na vitafunio vya mchele badala ya biskuti. Akavihamisha. Akamwaga chumvi, akalaza kisanduku, akamwaga nyingine juu, akafunga kifuniko na kulisukuma bati nyuma kabisa chini ya kitanda chake. Waya aliutupa nyuma ya kabati.

Siku zikapita kwa amani. Mwalimu wake akawapa kazi ya kumrekodi mzee mmoja wa familia, na Wening akamrekodi Bibi. Bibi aliimba shairi ambalo mke humjibu mumewe aliyekwenda safari ya mbali. Hakuwa ameimba tangu msiba. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, ikakaa sawa, na alipomaliza alijifuta macho na kusema, "Itunze hiyo, mwanangu. Tutaiweka kwenye hitima ya mwaka, baada ya wimbo wa babu yako. Aimbe, nimjibu." Wening aliihifadhi kwenye kompyuta kwa jina zuri, akapata alama za juu darasani.

Mkesha wa Ijumaa ya Kliwon ukarudi. Wening alisingizia tumbo ili asiende madrasani, akakaa pembeni ya Bibi. Kahawa ilikuwa mbele ya picha. Wakati wa magharibi skrini iliwaka. Wening akashika mkono wa kiti. Safari hii kabati lilikuwa kimya. Yalitokea maandishi mekundu, yakakaa kitambo, yakapotea. Skrini ikazimika.

Wening akashusha pumzi. Chumvi imefanya kazi, alijisemea.

Bibi alikuwa bado amegeuza sikio. Akasubiri. Kahawa ikapoa. Giza likaingia kabisa, na yeye akasubiri.

"Mbona leo hakusema?" aliuliza mwishowe.

Wening akainuka kuwasha taa.

"Aliniambia mwenyewe. 'Sumi, ukinisikia nimesema tayari, jua vitu vyetu viko salama.' Leo hakusema."

Mama yake aliporudi, Bibi akamweleza. "Ni mashine nzee, Mama," Endah alijibu huku akivua viatu. "Na wewe usikae kwenye baridi kungoja mashine." Mambo yakaishia hapo.

Lakini hayakuishia kwa Bibi. Alhamisi iliyofuata haikuwa ya Kliwon, na bado aliweka kahawa. Akaiongeza sukari. "Labda ilikuwa chungu mno," alisema peke yake. Alhamisi nyingine akapunguza sukari, akaongeza kipande cha muhogo wa kukaanga. Wening alikuwa akimsikia akizungumza na ile picha kwa sauti ya chini: "Nimekukosea nini, mzee? Nasema ukweli, kama nimekukosea niambie." Maneno hayo yalimchoma Wening kuliko woga wote wa ule usiku wa kwanza. Kila alipoingia kitandani alihisi lile bati chini yake, na hakujua tena ni nani aliyefungwa humo.

Kisha ikaja mvua ya radi. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi mara ya mwisho, kompyuta haikuamka. Skrini ilibaki nyeusi, na tumboni mwake kukawa na mlio mdogo: tak, tak, tak, kama ukucha juu ya meza. Bibi aliletewa kiti chake alasiri hiyo kama kawaida. Hapakuwa na wimbo wa kumpigia. Alikaa hata hivyo, mikono magotini, mpaka ukungu ukaingia, maana hakuna aliyekumbuka kufunga madirisha.

Hitima ya mwaka ilipokaribia, akafika mama mdogo Ratri kutoka Semarang. Huyu ni mdogo wake Endah, mtu wa maneno mengi na vicheko, anayefundisha kompyuta chuoni. Hakuwa hata ameshusha begi alipoinamia ile mashine na kusikiliza.

"Diski imekufa," alisema. "Hii ndiyo sauti yake ya kukata roho."

"Na nyimbo za baba?" Endah aliuliza.

"Humu ndani zimekwenda. Lakini usinitazame hivyo, dada. Mimi mwenyewe nilimletea baba diski ya nje na programu ya kunakili. Haichukui nyimbo peke yake. Inachukua mashine nzima kama ilivyo, kila faili, kila mpangilio, inafunga kuwa kitu kimoja. Ikifa hii, unaweka diski mpya, unairudisha nakala, na mashine inaamka pale pale ilipokuwa. Baba akaipanga mwenyewe iwe inajiamsha na kunakili kila mkesha wa Ijumaa ya Kliwon, kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa. Akajirekodi akisema 'tayari', ili ikimaliza itoe taarifa kwa sauti yake. Alinipigia simu kujisifu siku hiyo." Akafungua kabati. "Iko wapi?"

Kabati lilikuwa na kilemba na miwani.

Wening alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Ilikuwa hapa," Ratri alisema. "Kisanduku cheusi. Wening, hujakiona?"

"Sijui," Wening alijibu. Neno lilimtoka haraka, kabla hajalifikiria.

"Dada?"

"Mimi kabati hilo sijalifungua tangu msiba."

Wakatafuta chini ya meza, nyuma ya mitungi, ndani ya masanduku ya nguo. Ratri akaupata waya nyuma ya kabati, akauinua, akautazama. Ndipo Bibi akaongea kutoka kwenye kiti chake.

"Msijisumbue, wanangu. Amekichukua."

"Nani, Mama?"

"Mwenyewe. Kilikuwa chake. Nilijua tangu aliponyamaza. Sijui nilimkosea nini, ila mtu akikukasirikia huchukua vyake." Alisema bila kulia, na ndivyo ilivyokuwa mbaya zaidi. "Hitima tutasoma bila yeye."

Wening aliutazama uso ule. Alikumbuka kahawa yenye sukari, kahawa isiyo na sukari, muhogo. Akaenda chumbani, akalala kifudifudi, akalivuta bati. Lilikuwa zito kuliko alivyoliweka. Alirudi sebuleni akaliweka miguuni pa Bibi.

"Bibi, hakukukasirikia," alisema. "Ni mimi. Nilimsikia usiku wa Kliwon nikaogopa. Nikamfukia kwenye chumvi, kama Puspa alivyonishauri, na Kliwon iliyofuata yakatokea maandishi mekundu tu. Nilisema sijui, nilidanganya."

Ratri akafungua kifuniko. Kwa ule unyevu wetu, chumvi ilikuwa imeyeyuka nusu, na sanda ilikuwa imeloa, ya kijivu, imeng'ang'ania kisanduku. Tundu la waya lilikuwa na kutu ya kijani.

"Mungu wangu," Endah alisema. "Umemzika na kumkausha kama samaki."

Hakuna aliyecheka. Ratri alikishika kisanduku kwa vidole viwili, maji ya chumvi yakidondoka sakafuni. Wening akauliza kama kimeharibika.

"Sijui, na hiyo yangu ni sijui ya kweli," Ratri alijibu. "Lete mswaki wa zamani, na ile spiriti ya kusafishia vidonda. Na ukae hapa, uone."

Alifungua ganda kwa bisibisi ndogo. Chumvi ilikuwa imekula tundu na pembe moja ya ganda. Diski iliyolala ndani ilikuwa kavu, isipokuwa tone moja ukingoni. Akalisugua kwa mswaki, akapuliza, akasubiri ikauke, akasugua tena. Wening alishika taa. Ratri akatoka kwenda mjini, akarudi na ganda jipya la kuiwekea ile diski, na diski mpya ya ndani ya kompyuta. Alipounganisha vyote, ukungu ulikuwa umeshafika kizingitini.

Mwanga wa buluu ukawaka, ukazimika. Ukawaka tena, ukabaki. Ule uvumaji mwembamba ukaanza.

"Kwanza tunaikagua nakala, kama ni nzima," Ratri alisema. "Usiamini nakala ambayo hujawahi kuikagua." Programu ilipoandika kwamba hakuna kasoro, Endah alijishika kifua. Ratri akabofya, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Wening aliujua mstari ule. Safari hii alitamani asiukose hata kidogo.

Adhana ya magharibi ikapita wakiwa wanausubiri. Mashine ikazimika, ikawaka, na skrini ikarudi ilivyokuwa jioni ya ule mkesha wa kwanza wa Kliwon. Picha ambayo Wening alikuwa ameanza kuichora humo wiki ile ilikuwa pale pale, nusu bila rangi. Nyimbo za Babu zote zilikuwepo. Nyumba nzima ilionekana imerudishwa nyuma, kama kwamba siku zote za katikati hazikutokea.

Wening akafungua sehemu alipohifadhi kazi zake. Akatafuta tena. Wimbo wa Bibi haukuwepo.

"Uliurekodi lini?" Ratri aliuliza.

"Baada ya kukifukia."

"Basi haukupata kunakiliwa. Jioni ile ya maandishi mekundu, mashine ilikuwa ikikitafuta kisanduku ili iuchukue."

Hapo Wening akalia kweli. Bibi akanyoosha mkono hewani mpaka akampata kichwa.

"Nyamaza, mke mwenzangu. Unalilia nini? Wa babu yako ungepotea, tungeupata wapi tena? Mimi nipo. Nipe maji ninywe, nitaimba mwingine, na safari hii hutasikia kutetemeka." Akamgeuzia uso. "Lakini nisikilize. Uliogopa, na kuogopa si kosa, hata mimi mara ya kwanza niliposikia ile sauti baada ya msiba nilimwaga kahawa. Nilikuwa hapa nyuma yake alipojirekodi, nikimcheka, na bado nilishtuka. Ungeniuliza siku ile, ningekueleza yote kabla nguo hazijaisha kukunjwa. Ulichokiogopa ulikificha, na ukakifunika kwa uongo, na huo uongo ulinikalia mimi kila Alhamisi."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimeshakusamehe ulipoleta bati."

"Na mimi nina langu," Endah alisema polepole. "Mama aliniambia kuna jambo haliko sawa, nikamwambia ni uzee wa mashine. Ilikuwa ikituomba msaada kwa maandishi mekundu, na hakuna mtu mzima aliyeyasoma."

Ratri aliukabidhi waya mikononi mwa Wening. "Kuanzia leo kazi hii ni yako. Usiku wa Kliwon unakaa, unahakikisha mstari umefika mwisho, unaikagua nakala. Na diski ya pili nitaleta, ikae kwangu Semarang, maana nakala moja chini ya paa moja haitoshi. Kilicho cha watu wote hakitunzwi kwa siri. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama mdogo."

"Na huyo Puspa mwambie chumvi ni ya mboga."

Kwenye hitima, baada ya dua, Babu aliimba kutoka kwenye kompyuta, na Bibi akamjibu mwenyewe, kwa mdomo wake, huku Wening akirekodi. Wageni waliacha kula. Hata wazee waliozoea kusinzia kwenye hitima walikuwa macho.

Mkesha wa Ijumaa ya Kliwon ukarudi tena. Ukungu ulikuwa mzito, kahawa ikiwa mbele ya picha. Skrini iliwaka yenyewe, kabati likavuma. Wening alisisimka mwili, kama kawaida, na bado akavuta kiti karibu zaidi. Mstari ulipofika mwisho, mtu akakohoa.

"Haya. Tayari."

Bibi hakusema kitu. Alikuwa amemgeukia Wening, akingoja.

"Ahsante, Babu," Wening alisema.